Vifaa vya Kunyonyeshea na Kukamulia Maziwa: Maswali Ninayoulizwa na Akina Mama

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi na kliniki ya watoto hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na wanangu watatu nimewanyonyesha huku nikienda zamu. Maswali haya yamenifikia kliniki, kwa simu usiku wa manane, hata ndani ya daladala. Nayajibu kama ningemjibu mdogo wangu. Msimamo wangu nausema mapema: jua kwanza tatizo linalokusumbua, ndipo ununue kifaa. Mama mjamzito siku hizi anaoneshwa orodha ndefu ya vitu, na vingi vitaishia kabatini wakati fedha ile ingemnunulia samaki, maziwa na matunda katika zile siku arobaini.

Ninunue nini kabla ya kujifungua?

Vichache. Sidiria mbili au tatu za kunyonyeshea, za pamba, zisizo na waya chini. Zinunue mwezi wa mwisho wa ujauzito, na zisikubane, maana matiti yataongezeka tena maziwa yakishuka. Khanga laini doti mbili. Nguo zinazofunguka mbele; dera lenye zipu kifuani linatosha kabisa. Vitambaa vya pamba vya kuweka ndani ya sidiria kunyonya maziwa yanayovuja, unavyoweza kufua na kuanika juani. Kikombe kidogo kisicho na pembe ndani.

Pampu isubiri. Siku mbili tatu za kwanza unatoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na kiasi chake ni vijiko vya chai tu. Pampu huyapoteza kwenye mipira na kuta za chupa. Mkono huyatoa vizuri zaidi, moja kwa moja kwenye kijiko. Tena huenda usihitaji pampu kamwe kama unakaa nyumbani na mtoto ananyonya vizuri.

Kukamua kwa mkono kunatosha kweli? Mbona mimi hayatoki?

Kunatosha kwa akina mama wengi sana, na naumia kuona hatulifundishi ipasavyo. Wengi wanaoniambia hayatoki huwa wanabana chuchu. Chuchu ni mlango tu, maziwa yako nyuma yake.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, inama mbele kidogo. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye matiti dakika chache, kisha yapapase taratibu kwa ncha za vidole, bila kukanda kwa nguvu. Sasa weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, kama sentimita mbili hadi tatu nyuma ya chuchu, mahali duara jeusi linapoishia kwa wengi wetu. Sukuma vidole kurudi nyuma kuelekea kifuani, halafu vibane pamoja, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi, ukiteleza utachubuka. Dakika moja ya kwanza hutaona kitu, usikate tamaa. Yataanza kwa matone, kisha yataruka. Yakipungua zungusha vidole sehemu nyingine ya titi, kisha hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza. Zoezi zima ni kama dakika 20 hadi 30 kwa anayejifunza.

Mwombe muuguzi akuelekeze kabla hujatoka wodini. Ni ujuzi ambao hauhitaji umeme wala vipuri.

Basi nani anahitaji pampu, na aina gani?

Anayetengana na mtoto saa nyingi kila siku, mwenye mtoto aliyelazwa, mwenye mapacha, na anayekamua kila mara kwa sababu mtoto hawezi kushika titi.

Pampu ya mkono, ile yenye kishikio cha kubonyeza, inamfaa anayekamua mara moja au mbili kwa siku. Ni nyepesi, haina kelele, na haijali kama umeme upo. Mkono utachoka, lakini unaweza kudhibiti mvuto mwenyewe na kuacha ukiumia.

Pampu ya umeme ya matiti mawili kwa pamoja ndiyo ya mfanyakazi. Inapunguza muda kwa nusu: dakika 15 hadi 20 umemaliza. Chagua yenye hatua mbili, ya kwanza ikivuta harakaharaka kwa wepesi kama mtoto anavyoanza kunyonya, ya pili ikivuta polepole na kwa kina. Chagua pia inayotumia betri ya kuchaji, kwa sababu umeme wetu tunaujua.

Halafu kuna kile kikombe laini cha silikoni unachokibana na kukibandika kwenye titi moja mtoto akinyonya lingine. Hukusanya maziwa yanayovuja. Ni cha bei nafuu na mimi nakipenda, ila usikiache kila mara mtoto anaponyonya, utauambia mwili utengeneze maziwa kuliko mahitaji na matiti yatakujaa mpaka ulie. Zile pampu zinazovaliwa ndani ya sidiria zinavutia macho, lakini wengi wanaozitumia peke yake hupata maziwa machache kuliko wanayopata kwa pampu ya kawaida. Ziwe za ziada.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: vipuri vyake vinapatikana? Kuna kipande kidogo cha mpira chenye mdomo kama wa bata ndani ya kila pampu. Kikilegea, mvuto unaisha. Kwa anayekamua mara kadhaa kwa siku, kinachoka ndani ya miezi miwili mitatu. Nimeona mama ametupa pampu nzima, na mwingine ameamini maziwa yamekauka, kumbe ni kile kipira.

Dada yangu yuko Marekani anataka kunitumia pampu. Itafanya kazi huku?

Mwambie asome maandishi madogo kwenye adapta. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu Tanzania ni 230 na Kenya ni 240. Ikiandikwa 100–240V, unahitaji kibadilisha plagi tu cha pini tatu. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka ukutani itaungua. Zile zinazochajiwa kwa waya wa USB hazina shida hiyo. Unaweza kuzichaji hata kwa pawabenki.

Na kama dada yako mwenyewe amejifungua huko, akumbuke kwamba sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi zilipie pampu ya mama anayenyonyesha. Amuulize wa bima yake kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Naweza kununua pampu ya mtumba, au kuazima ya shoga yangu?

Ya umeme, hapana, isipokuwa una hakika ni ya mfumo uliofungwa, yaani ina ngozi ya mpira inayozuia maziwa kuingia kwenye mrija na mota. Zisizo na kizuizi hicho huvuta unyevu na matone mpaka ndani, ukungu ukaota mahali ambapo maji ya moto hayafiki. Hata ile iliyofungwa, nunua koni (ile sehemu pana inayofunika titi), vali (kile kipira chenye mdomo kama wa bata), mirija na chupa mpya. Maziwa yanaweza kubeba virusi, VVU wakiwemo, na huwezi kumtazama mtu usoni ukajua hali yake. Pampu kubwa za hospitali zimetengenezwa kutumiwa na wengi, lakini kila mama hupewa seti yake.

Ya mkono ambayo vipande vyake vyote vinachemshika ni afadhali. Hata hivyo mimi ningekukamulisha kwa mkono kuliko kukuazimisha.

Nikikamua chuchu zinauma na kuvimba. Nivumilie?

Usivumilie hata siku moja. Kukamua hakupaswi kuuma.

Mara nyingi tatizo ni ukubwa wa koni. Pampu nyingi huja na koni ya milimita 24 au zaidi, na matiti hayaangalii boksi. Pima chuchu yako kwa rula kwenye kitako chake, upana wake tu bila duara jeusi. Anza na koni inayolingana na kipimo hicho au kuizidi kwa milimita chache, kisha tazama: chuchu iende mbele na kurudi ndani ya shingo ya koni bila kukwaruza pembeni, na duara jeusi lisivutwe kwa wingi. Kuna vipete vya silikoni vinavyoingizwa kupunguza upana, na ni nafuu kuliko koni mpya. Matiti yako mawili yanaweza kuhitaji saizi tofauti.

Sababu ya pili ni mvuto mkali. Wengi hudhani mvuto mkubwa huleta maziwa mengi, kumbe maumivu huyazuia maziwa kushuka. Weka kiwango cha juu unachokihimili bila kukunja uso, basi.

Nakamua napata kidogo sana. Maziwa yangu hayatoshi?

Kama mtoto anaongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na yuko mchangamfu, maziwa yanatosha. Mama anayenyonyesha siku nzima akikamua katikati hupata mililita 15 hadi 60 kwa matiti yote mawili, na hiyo ni kawaida. Mtoto hunyonya kwa ustadi ambao mashine haina. Picha za friza zilizojaa mifuko ya maziwa zimewatia hofu akina mama wengi bila sababu.

Kama unarudi kazini, hesabu hivi: mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24, kama mililita 30 na ushee kwa kila saa usiyokuwapo. Ukiondoka kwa muda wa saa tisa, mwachie mililita 270 hadi 300, katika vyombo vidogo vya 60 hadi 90. Anza wiki mbili tatu kabla ya kurudi, ukikamua mara moja asubuhi baada ya kumnyonyesha, maana ndipo maziwa huwa mengi. Wala hulazimiki kujaza friza. Unachohitaji ni maziwa ya siku ya kwanza, na utakayokamua siku hiyo yatakuwa ya kesho yake.

Maziwa yanakaa muda gani?

Nje, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, saa nne. Lakini Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili chumba hakiko nyuzi 25. Kwenye joto letu mimi nawaambia wasipitishe muda wa saa mbili. Kwenye friji, siku nne, yakiwekwa ndani kabisa wala siyo mlangoni. Friza yenye mlango wake, miezi 6 yakiwa bado bora. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja si friza. Hesabu wiki mbili.

Andika tarehe na saa kwenye kila chombo. Acha nafasi juu, maana maziwa hutanuka yakiganda. Yaweke ndani ya boksi lenye mfuniko, yatenganishwe na samaki na nyama. Yakikaa mafuta hupanda juu. Hayajaharibika, yazungushe taratibu yachanganyike. Yayeyushe kwenye friji usiku, au yapashe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiyachemshe, usiyaweke kwenye maikrowevu. Yaliyoyeyukia kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, na yaliyobaki baada ya mtoto kuanza kuyanywa yaishe ndani ya saa mbili au yamwagwe.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa hushikilia barafu kama saa 48, ikiwa nusu kama 24, kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda. Umeme ukirudi, maziwa yenye chembe za barafu bado unaweza kuyagandisha tena. Yaliyoyeyuka yote na bado ya baridi, yatumie siku hiyo.

Sina friji. Nifanyeje?

Nunua boksi la barafu au begi la kuhifadhi ubaridi kabla ya kufikiria pampu. Pamoja na vipande vya barafu vilivyoganda vizuri, maziwa hukaa salama hadi saa 24. Barafu unaipata kwa jirani au dukani. Chupa ya chai ya mdomo mpana nayo inasaidia: weka barafu, ndani yake chombo kidogo cha maziwa kilichofungwa vizuri. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa vizuri, lakini haufiki ubaridi wa friji, usiuhesabu.

Kama barafu haipatikani, kamua asubuhi kabla tu ya kutoka na mtoto apewe mapema. Ukiwa karibu, aletwe anyonye mchana.

Maziwa niliyoyagandisha yananuka kama sabuni. Yameharibika?

Hapana. Kuna kimeng'enya kwenye maziwa yako kinachovunja mafuta, na kwa baadhi ya akina mama kina nguvu zaidi. Watoto wengi huyanywa bila shida. Akigoma, siku zinazofuata yapashe maziwa mabichi mpaka viputo vidogo vionekane pembeni ya sufuria, bila kuchemka, yapoze haraka, kisha yagandishe. Harufu ya uchachu ni jambo jingine, hayo mwaga.

Nimlishe kwa chupa au kikombe?

Kikombe, kama anayemlisha ana subira. Kinaoshwa kwa dakika moja, hakina kona za kuficha uchafu, na hata mtoto njiti hulishwa kwa kikombe wodini. Mtoto akae wima kidogo, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni, na yeye mwenyewe ayalambe. Usimmiminie.

Nikiwa kazini dada wa nyumbani alipendelea chupa, na sikumlaumu, alikuwa na kazi nyingine. Ukichagua chupa, chuchu yake iwe ya tundu dogo, ishikwe karibu ilale, na mtoto apumzishwe katikati. Usimtegeshee mtoto chupa kwa mto ukaondoka. Chupa zinazodai kuwa sawa na titi la mama zina maneno matamu tu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2012 kudhibiti utangazaji wa maziwa mbadala, na chupa na chuchu bandia zimo humo.

Navisafishaje?

Fungua kila kipande. Suuza kwa maji baridi kwanza ili maziwa yasigande, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni kwenye beseni lililotengwa kwa kazi hiyo, si sinki la vyombo. Mara moja kwa siku chemsha dakika 5 hadi 10 tangu maji yaanze kutokota, vipande vimezama vyote. Anika kwenye kitambaa safi, visifutwe kwa taulo. Mirija ya hewa na mota haviingii majini.

Mwajiri anasema hakuna muda wala chumba cha kukamulia.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba chenye mahali pa kunawa, pa kupozea maziwa, umeme, meza na kiti, na mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Andika barua kabla ya likizo kuisha, utaje kifungu. Mimi nilikamulia stoo ya shuka, nimeegemea mlango ili usifunguliwe. Sitaki mwenzangu yeyote apitie hayo, na choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto. Kamua kila baada ya saa tatu hivi.

Krimu za chuchu na vile vifuniko vya silikoni, vinafaa?

Matone ya maziwa yako mwenyewe, yakiachwa yakauke, ndiyo dawa ya kwanza. Lanolini safi, yale mafuta ya sufu ya kondoo, inasaidia kidonda kisikauke, na haihitaji kufutwa. Lakini mpasuko husababishwa na mtoto kushika vibaya, kwa hiyo muuguzi atazame unavyomweka. Vifuniko vya silikoni, vile vya kuvisha chuchu mtoto akinyonya, vitumike ukiwa na mtu anayekusimamia. Vikitumiwa ovyo mtoto hapati maziwa ya kutosha.

Titi limekuwa gumu, jekundu na linauma. Nilikamue mpaka liishe?

Usifanye hivyo. Kukamua kupita kiasi na kukanda kwa nguvu huongeza uvimbe. Mnyonyeshe kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, kunywa parasetamoli. Ukiwa na homa, au nafuu isipoonekana ndani ya siku moja, nenda kituo cha afya.

Mama mkwe anasema maziwa yaliyokaa titini kutwa yameharibika, niyamwage.

Shikamoo yake kwanza, kisha mweleze kwa upole: maziwa hayaharibiki ndani ya titi. Ukirudi nyumbani kutoka kazini mpe mtoto titi papo hapo.

Mtoto wangu ni njiti, yuko wodi ya watoto wachanga. Nianze lini?

Leo, ndani ya saa chache tangu kujifungua, kwa mkono. Kisha kila baada ya saa mbili tatu, angalau mara nane kwa saa 24, na mojawapo iwe usiku. Hapa pampu ya matiti mawili ina thamani yake yote, na ndugu wakikuuliza wachangie nini, waambie hiyo. Baadhi ya hospitali zina za kutumia palepale. Nairobi, Hospitali ya Pumwani ilifungua mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya, kwa watoto ambao maziwa ya mama zao hayajapatikana.

Kamua baada ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, maziwa hushuka kwa urahisi zaidi. Siku ya kwanza unaweza kupata nusu kijiko. Kilete hichohicho wodini, na wauguzi watampa kwa sindano isiyo na ncha au kwa mpira wa kulishia.